PROBOX YA MKONONI KWA AJILI YA DUKA: NUNUA NA UITENGENEZE BILA KUUA MTAJI

Wengi mmeniuliza inbox kuhusu gari ya kubebea mzigo wa duka, hasa hizi Toyota Probox na ndugu yake Succeed. Mimi sio fundi, ni muuza duka wa Kibaha, niliishia form four na mambo ya gari nimejifunza kwa kuuliza na kwa kulala chini ya gari nikiangalia fundi anachofanya. Naandika kwa mtu mwenye duka la kawaida na bajeti ya kubana. Posti ni ndefu, ihifadhi uisome taratibu.

1. PIGA HESABU KABLA HUJAPIGA SIMU KWA DALALI

Kutoka kwangu Maili Moja mpaka Kariakoo ni kama kilomita 40. Kirikuu ya kukodi nilikuwa nalipa 70,000 kwa safari. Kwa gari yangu mwenyewe safari moja inakuwa hivi:

Mafuta kwenda na kurudi pamoja na foleni, kama 25,000.
Maegesho, 5,000.
Pesa ya kuweka pembeni kwa ajili ya matengenezo, 15,000.
Jumla 45,000.

Kwa hiyo naokoa 25,000 kila safari. Ukienda mara tatu kwa wiki ni 75,000, kwa mwezi 300,000. Gari iliyokugharimu milioni 9 itarudisha pesa yake baada ya miezi 30. Ukienda mara moja kwa wiki unaokoa 100,000 kwa mwezi, na itakuchukua miaka saba na nusu. Ndugu yangu wa mara moja kwa wiki, endelea kukodi, hakuna aibu hapo.

Wengi wanaishia kwenye hesabu ya kuokoa tu. Gari ya duka inalipa zaidi pale inapokuletea mauzo mapya. Mimi iliyonilipa ni kusambaza: mama lishe na vioski ambavyo zamani vilikuwa vinanunua kwa mtu mwingine sababu yeye anawapelekea mpaka mlangoni. Kama huna mpango wa kusambaza, rudia hesabu yako mara mbili.

Angalizo: ukianza kubeba mizigo ya watu wengine kwa malipo, hiyo ni biashara ya usafirishaji. Nenda LATRA ukaulizie leseni, na mwambie mtu wa bima ukweli kuhusu matumizi ya gari. Bima ya gari binafsi kwenye gari inayofanya biashara inaweza kukuruka siku ya ajali.

2. PESA YA GARI ISITOKE KWENYE RAFU

Kuna mwenzetu mmoja mtaa wa pili alikuwa na duka zuri kuliko langu. Akachukua pesa ya mzunguko karibu yote akanunua gari. Wiki ya kwanza anapita anapiga honi, sote tunampongeza. Mwezi wa pili gari ikachemsha, silinda hedi ikapinda. Anahitaji kama laki tisa na hana, kwa sababu pesa ipo kwenye gari na rafu ziko nusu. Gari ikakaa gereji, yeye akarudi kukodi kirikuu, alafu akaingia kwenye mikopo ya kausha damu ili ajaze duka. Leo fremu ile anauza mtu mwingine. Gari kama gari haikuwa mbaya. Kilichomkosesha duka ni kwamba hakubakiza kitu cha kuihudumia.

Mimi nilijiwekea kanuni hii: pesa ya mzunguko haiguswi, na bei ya gari isizidi asilimia 80 ya pesa niliyotenga. Bajeti yangu ilikuwa milioni 9, nikaigawa hivi:

Gari: 7,000,000
Matengenezo ya mwanzo: 1,400,000
Bima, mwanasheria na kuhamisha umiliki: 300,000
Akiba isiyoguswa: 300,000

Bei zinabadilika, wewe chukua mgawanyo. Muuzaji akikuambia milioni 8 na nusu na wewe una 9, hiyo gari bado sio saizi yako hata kama inang'aa.

3. KWA NINI PROBOX

Probox ilianza kutengenezwa 2002, na toleo la pili likaja 2014. Iliundwa kwa ajili ya kazi: makampuni ya Japani yanawapa mafundi na wauzaji wao wazungukie mjini. Siti ya nyuma inalala, sakafu inakuwa bapa, mlango wa nyuma unafunguka juu. Spea zake zimejaa kila mahali kwa sababu injini nyingi ni 1NZ, ile ile iliyopo kwenye IST na Toyota nyingine ndogo. Fundi yeyote mtaani ameshaifungua.

Jua unachonunua kwa kusoma namba ya chesisi. Kwenye toleo la zamani, NCP50 ni cc 1,300, NCP51 ni cc 1,500, na NCP55 ni cc 1,500 ya kuvuta matairi yote manne. Muuzaji anaweza kukuambia ni cc 1,500 kumbe ni 1,300. Soma kibati kwenye injini chumba, alafu linganisha na kadi. Kwa mzigo chukua 1,500. Ya 4WD ina vitu vingi zaidi vya kuharibika na inakula mafuta zaidi. Kama njia zako ni lami na vumbi la kawaida huihitaji.

4. MZIGO: NAMBA AMBAYO WATU HAWATAKI KUISIKIA

Probox ya van ilitengenezwa ibebe kilo 400 ikiwa na watu wawili. Wakikaa watano inashuka mpaka kilo 250. Kilo 400 ni magunia 8 ya kilo 50, au viroba 16 vya kilo 25, au madumu kama 20 ya mafuta ya kula ya lita 20. Mimi pia naziona zile zinazopita na magunia 15 pua imeangalia juu. Zinafika, ndio. Ila nenda kaangalie breki zake, bering za nyuma na matairi baada ya miezi sita.

Kama mzigo wako kila safari unajaza kirikuu mpaka juu, Probox haitakutosha.

5. UKAGUZI: FIKA ASUBUHI GARI IKIWA YA BARIDI

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto jua kuna kitu kinafichwa, panga siku nyingine.

Kabla ya kuwasha:
- Fungua mfuniko wa oili. Ukiona utando kama maziwa ya mgando, maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye oili.
- Fungua mfuniko wa rejeta (ikiwa ya baridi tu, ya moto itakuunguza uso). Maji ya kutu au yenye mafuta juu ni dalili mbaya.
- Vuta stiki ya oili uone kiwango. Hizi 1NZ za umri mkubwa nyingi zinakula oili.
- Pitisha kidole kwenye bomba la moshi. Masizi makavu ni kawaida, ukitoa weusi wa mafuta mafuta inachoma oili.

Wakati wa kuwasha simama nyuma, mtu mwingine awashe. Moshi wa bluu ni oili. Moshi mweusi ni petroli kuzidi. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ni kawaida, ila ukiendelea injini ikishapata moto shuku gasketi ya silinda hedi. Sikiliza pia mbele ya injini. Hii injini inatumia cheni ya timingi, haina mkanda, kwa hiyo mlio wa kuchakacha inapowaka unaweza kuwa cheni au taishena yake imechoka.

Acha iungurume dakika 20 na AC ikiwa imewashwa. Feni ya rejeta iwake na kuzima yenyewe. Ikiwa feni imeungwa waya wa moja kwa moja izunguke muda wote, kuna tatizo mtu amelikimbia.

Barabarani: weka D kutoka R, gia iingie bila kuchelewa na bila kugonga. Panda kilima. Funga breki ukiwa spidi ya wastani mahali salama, uone kama inavuta upande. Pita kwenye mashimo taratibu na redio imezimwa.

Chini na ndani: angalia kutu kwenye chesisi na pale shokapu zinapofungwa. Japani sehemu za barafu wanamwaga chumvi barabarani, na hiyo chumvi inakula bati. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho. Ukiona mstari wa tope au kunusa uvundo, gari inaweza kuwa imeshazama kwenye mafuriko. Inua zulia la mbele uangalie tope na kutu kwenye boliti za siti. Boliti za boneti na mabawa zikiwa zimekwaruzwa rangi, zimeshafunguliwa, uliza kwa nini.

Kilomita za dashibodi usiziamini peke yake. Raba za pedali, usukani na siti ya dereva vinasema ukweli zaidi. Gari inaandika kilomita 80,000 na pedali imelika mpaka chuma, hapo unajua.

Nenda na fundi wako, sio wa dalali. Mlipe pesa yake ya ukaguzi hata kama hununui. Mimi fundi wangu nilimlipa 30,000 kila gari na tulikataa tatu. Hiyo 90,000 ni pesa nzuri kuliko zote nilizotumia. Kipimo cha kompyuta nacho kifanyike, ila anza na macho, kwa sababu taa ya injini inaweza kufutwa asubuhi ile ile.

6. KARATASI

Kadi halisi ya gari uione kwa macho yako, sio picha ya WhatsApp. Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyekaa mbele yako na kitambulisho chake cha NIDA. Namba ya chesisi kwenye kadi ilingane na iliyogongwa kwenye bati. Akikuambia "kadi ipo kwa ndugu yangu", inawezekana imewekwa rehani kwa mkopeshaji. Usitoe hata advansi.

Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini uone madeni, na hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA. Mkataba uandikwe mbele ya mwanasheria, pesa ipite benki kwenda kwa jina la kwenye kadi. Alafu nenda TRA uhamishe umiliki mapema. Watu wanaendesha miaka mitatu na kadi ya mtu mwingine, siku mwenye kadi anafariki ndio wanaanza kutafutana na warithi.

7. MATENGENEZO: ANZA NA KUSIMAMA, UREMBO BAADAYE

Fundi akipokea gari mpya atakupa orodha ya vitu 20. Mpangie wewe. Mpangilio wangu: kwanza breki, tairi na stelingi. Pili upoozaji. Tatu sevisi ya injini na giaboksi. Nne miguu. Muziki na rimu nje kabisa. Hii ndio bili yangu ya mwezi wa kwanza, pamoja na ufundi:

Tairi nne mpya za mzigo: 560,000
Pedi za mbele, shuu za nyuma, oili ya breki: 130,000
Oili ya injini, filta, chujio la hewa, plagi: 230,000
Kulenti, thermostati, mfuniko wa rejeta, mipira: 120,000
Oili ya giaboksi: 90,000
Shokapu mbili za nyuma: 150,000
Bushi na stabilaiza linki: 60,000
Alaimenti na belensi: 30,000
Jumla: 1,370,000

TAIRI. Probox van inatoka na tairi za mzigo, zimeandikwa LT au 6PR ubavuni. Wauzaji wengi wanazibadilisha na tairi laini za gari ndogo kwa sababu ni rahisi. Soma namba ya uzito ubavuni: 82 maana yake tairi moja inabeba kilo 475, 88 maana yake kilo 560. Mzigo wa duka unakaa nyuma, kwa hiyo tairi mbili za nyuma ndizo zinazoumia. Soma na umri: namba nne za mwisho za DOT, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba mimi sizigusi kwa gari ya mzigo. Upepo fuata kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kimeandikwa kwa kPa, gawanya kwa 7 upate PSI ya kukadiria. Mfano 240 ni kama 34.

UPOOZAJI. Mafundi wengi wakiona gari inachemsha wanatoa thermostati wanatupa. Usikubali. Bila thermostati injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni ya baridi inaendelea kumwaga petroli. Unakula mafuta zaidi na tatizo la kuchemsha bado lipo pale pale. Tafuta chanzo: rejeta imeziba, feni imekufa, mfuniko haushiki presha, au pampu ya maji inavuja. Na weka kulenti. Maji matupu ya bomba yanaleta kutu ndani na yanachemka mapema.

INJINI. Oili na filta, dumu la lita 4 linatosha, zinaingia kama lita 3.7. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, fikiria mara mbili, oili za kuchakachua zipo. Badilisha plagi zote nne kwa pamoja. Safisha throto na ile sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, sensa isiguswe kwa kidole wala kitambaa. Giaboksi ya otomatiki ina oili yake, na toleo la kuanzia 2014 ni CVT, oili yake ni tofauti kabisa. Ukichanganya unanunua giaboksi.

MIGUU. Spring ngumu au spesa za nyuma zinazuia gari kukaa chini ukipakia. Ila hazikuongezei hata kilo moja ya uwezo. Breki na tairi ni zile zile. Mtu anaweka spesa, anaona gari imenyooka, anaongeza magunia manne. Huo ni mtego.

VITU VYA KUKATAA. Bomba kubwa la moshi na vichujio vya kuongeza nguvu: kelele tu. Mfumo wa gesi una faida kwa anayezunguka sana mjini, lakini mtungi unachukua nafasi na uzito ambao ungebeba mali, na vituo bado ni vichache ukitoka Dar. Pima kwa njia zako.

Spea nyingi nilinunua Kariakoo upande wa Gerezani, nikiwa na ile ya zamani mkononi ili nilinganishe. Breki nunua mpya. Taa, vioo, milango, chukua zilizotumika za Japani.

8. PIMA MAFUTA MWENYEWE

Jaza tenki mpaka pampu ikate, zungusha ile mita ndogo ya safari iwe sifuri. Tembea kazi zako za kawaida, alafu jaza tena kituo kile kile. Gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Gari yangu kabla ya sevisi ilikuwa inatoa kilomita 10 kwa lita. Baada ya sevisi nilitembea 312 nikajaza lita 24, sawa na 13. Mara nyingi tofauti ni plagi, chujio la hewa, upepo wa tairi na breki inayoshika. Inua kila tairi kwa jeki sehemu iliyo bapa, izungushe kwa mkono. Ikigoma, petroli yako inaishia pale.

9. KOPO LA GARI

Nina namba ya simu ya pembeni, kila safari inaingia 15,000 hapo kabla sijashusha mzigo. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000, imeandikwa kwenye daftari la duka pamoja na tarehe. Kila Jumatatu asubuhi dakika kumi: oili, maji, upepo, taa, chini kama kuna kilichodondoka. Dereva akiwa mwingine, daftari anasaini yeye.

Gari ndani ya biashara ni kama mfanyakazi. Inakula kila siku, kwa hiyo lazima ujue imezalisha nini wiki hii. Ikifika mwezi wa tatu mfululizo kopo ni tupu na rafu zinapungua, iuze ikiwa bado inatembea, bei yake itakuwa nzuri kuliko ikishalala gereji.

Mwenye swali aweke aina ya gari, mwaka na bajeti yake, nitajibu ninachokijua. Mafundi mliomo humu, ongezeeni. Mpelekee na mwenzako anayetaka kununua gari mwisho wa mwezi huu, kabla hajatoa advansi.